Redio Haiitikii

Nakumbuka magharibi moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria mpaka leo mwili hunisisimka. Umeniuliza kwa nini nyimbo zenu siziwezi, nataka zile tu za mmoja kuanza na mwingine kuitikia. Sikuzichagua. Nilipandikiziwa na ndugu zangu, tena kwa hofu.

Tulikuwa watatu: kaka Shabani, dada Mwanahawa na mimi kitinda mimba. Mpunga ukikaribia kuiva tulihamia bondeni, ng'ambo ya mto kutoka Utete, kuulinda. Kaka alikaa kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo. Mimi na dada kwenye letu, upande wa pili wa shamba. Nguruwe tuliwafukuza kwa madebe. Kiboko hafukuziki kwa debe, na simba giza likiingia hatukumtaja hata jina. Kwa hiyo tuliimba. Dada anaanza, kaka anaitikia kule, mimi namalizia. Asiyeitikia, ujue ana jambo.

Kaka alipenda mno dansi la magitaa. Miaka ile maduka ya Kibiti yalianza kujaa tena baada ya uhaba wa muda mrefu, naye alipouza ufuta wake akarudi na redio kaseti. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mama akamwambia, "Shabani, hiyo iache nyumbani. Dunguni tunataka sauti yako." Akacheka, akaenda nayo.

Magharibi ile dada alianzisha wimbo. Kule likajibu gitaa. Akaanza tena, gitaa.

"Mbona kaka haitikii?" akaniuliza.

"Si huyo anapiga redio, dada? Yuko macho." Nilisema hivyo kwa kuwa muziki ulikuwa umenikolea, sikutaka aukatize.

Kaseti ikafika mwisho. Hapo ndipo tulipomsikia. Kaka alikuwa chini anatuita, sauti imemkauka. Ngazi ilikuwa imekatika, mguu umevunjika, na kiboko yuko karibu naye anang'oa mpunga. Niliogopa hata nikajikojolea, sikufichi. Dada akawasha mwenge wa makuti, akanishika mkono, tukashuka. Akaimba, kaka akaitikia huku analia. Tuliifuata sauti hiyo mpaka tukamfikia, na yule mnyama, kwa rehema za Mungu, akageuka kurudi mtoni.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa kwetu alilivunja kweli, na bado anachechemea. Mama hakumkaripia. Aliitazama ile redio akasema, "Hiki kinaimba hata mwenyewe akifa."

Dada ametangulia mbele ya haki. Tumebaki wawili, kaka yuko Kibiti. Kila magharibi hunipigia simu, naanza wimbo, anaitikia, tunakata. Simu ikichelewa moyo hunienda mbio kama ulivyonienda kule dunguni.

Basi shika hili, mwanangu. Muziki sikiliza uutakao, sikukatazi, lakini ukivaa hivyo vidude vya masikioni, acha sikio moja wazi. Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Nduguyo akiwa kimya, usitosheke kusikia kelele za kwake; mwite mpaka akujibu kwa kinywa chake. Mungu akupe ndugu wa kukuitikia, na akupe uhai uwaitikie.

Haya, niletee ile simu hapa karibu. Magharibi imeingia, na kaka Shabani hajapiga.