Kailula ya Mama Kwenye Mashine

Nilipomwambia mama kwamba nimepata kazi ya kuchunguza usingizi, aliacha kukuna nazi, akanitazama.

"Mwanangu, umesoma miaka yote hii ili uangalie watu wakilala?"

"Na uchovu pia, mama. Tunapima mtu akichoka anakuwaje."

"Basi wangekuja kuniuliza mimi," akasema, akairudia nazi yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumetoka Mombasa nikiwa mdogo, baba alipoitwa kuja kusomesha Kurani katikati ya mji mkuu. Baada ya miaka mingi ya kubanana katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, tukapata nyumba mtaa wa Jamhuri. Majirani wa huko walizipokea habari za kazi yangu kwa furaha kupita kiasi. Mmoja alimwambia mama kwamba mume wake yeye ni bingwa wa fani hiyohiyo, tena bila kwenda chuo.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa profesa mmoja Kalasinga, mrefu, mpole, mwenye kilemba cha samawati na Kiswahili alichokiokota gereji kwa baba yake. Tulipewa chumba kilichokuwa stoo, pembeni mwa hospitali moja kule Upper Hill. Tukaweka kitanda, pazia zito, na nyuma ya ukuta wa mbao tukaweka mashine. Ilikuwa na nyaya nyembamba za kubandika kichwani, na kalamu zilizochora mawimbi ya ubongo kwenye karatasi iliyokuwa ikikimbia bila kusimama. Mtu akiwa macho, mawimbi huwa madogo na ya haraka. Usingizi ukimshika, yanapanuka na kupungua mwendo. Hivyo ndivyo vitabu vilivyosema. Sisi wenyewe tulikuwa bado hatujayaona, kwa sababu hakuna aliyekubali kulala.

Wanafunzi walijitolea, wakalala wamekakamaa kama nguzo za simu, macho kwenye dari. Wauguzi ndio tuliowataka hasa, maana walikesha wodini na tulitaka kujua wanavyopumzika mchana. Lakini walichungulia mlangoni, wakaziona nyaya, wakageuka. "Hii mashine si itasoma siri zangu?" mmoja aliniuliza, na hakungoja jibu.

Nililalamika nyumbani wakati wa chakula. Baba alinipa pole. Mama aliendelea kutafuna, halafu akasema, "Kwani mimi si nalala kila siku baada ya adhuhuri?"

Ni kweli. Kailula ya mama haikuwahi kukosa. Akishaswali na kula, hata nyumba ingeungua, angejinyoosha kwanza.

Kesho yake akaja, amevaa buibui lake jipya, amejifukiza udi kama anayekwenda arusini. Profesa alimwamkia kwa heshima, kisha akahamia nyuma ya ukuta ili mama aweze kufunua kichwa. Nikaanza kubandika nyaya. Ya kwanza ikateleza. Ya pili ikateleza. Mama alikuwa amejipaka mafuta ya nazi yenye asumini kichwa kizima.

"Mama, mafuta yote haya ya nini?"

"Wataka nije mbele ya profesa na nywele kavu?"

Ikabidi nimwinamishe kwenye beseni na kumwosha nywele kwa sabuni ya kipande, yeye akilalamika kwamba maji ni ya baridi na kwamba hakunizaa ili nije nimzamishe. Kutoka nyuma ya ukuta tukasikia sauti ya profesa: "Pole, mama! Mimi pia iko na nywele mrefu. Hii taabu ya kuosha, mimi najua sana."

Mama aliangua kicheko mpaka maji yakamwingia puani. Kuanzia hapo hakuwa na wasiwasi tena.

Nikamfuta, nikambandika nyaya zote, nikamfunika shuka. Nikaketi karibu naye, kwa kuwa alisema hawezi kulala bila mtu wa kuzungumza naye. Akaanza kunieleza kisa cha jirani aliyeazima sufuria yetu ya pilau: alivyokuja, alivyovaa, alivyoapa kuirudisha kabla ya magharibi. "Basi mimi nikamwambia, sikiza dada, sufuria hiyo..." Akanyamaza. Nikangoja. Pumzi zake zikawa ndefu.

Nikanyata kwenda nyuma ya ukuta. Profesa alikuwa ameinamia karatasi, mkono umeziba mdomo. Kalamu zilikuwa zimepunguza mwendo. Kisha, katikati ya mawimbi yale mapana, kikatokea kifundo kidogo cha mistari ya haraka, kama uzi uliojikusanya kwenye sindano, kikapotea, kikaja kingine. Nilikuwa nimeviona vifundo hivyo, alama ya usingizi wa kweli, kwenye picha za vitabu tu. Sasa vilikuwa vikitoka kichwani mwa mama yangu.

Profesa hakuweza kupiga kelele. Akafungua mlango wa nyuma polepole, akatoka, na dirishani nikamwona mtu mzima yule akicheza peke yake kwenye nyasi, mikono juu, mabega yakiruka. Mfagiaji aliyekuwa akipita akaweka ufagio chini na kumpigia makofi bila kuuliza sababu.

Mama alipoamka, jambo la kwanza alilosema ni, "Sikulala. Nilifumba macho tu."

Nikamletea karatasi. "Hapa ulikuwa ukisema habari za sufuria. Hapa umekatika. Na huku kote, mama, hukuwepo."

Aliitazama kwa makini, akapitisha kidole juu ya mawimbi yake. "Hii yote ni mimi?" Kisha akataka kuwaonyesha watu.

Na kweli aliionyesha. Jioni ile aliteremka nayo mpaka kwenye lango la hospitali, wakati wauguzi wakibadilishana zamu, akawaita. "Haiumi, wala haisomi siri. Ingekuwa yasoma siri, mwanangu angekuwa amenikana!" Walicheka, na wiki hiyohiyo wakaanza kuja.

Mmoja wao alikaa Kinoo, nje ya mji, mwanamke mchangamfu mwenye uso wa kulemewa na usingizi. Nilimwuliza analalaje mchana baada ya kukesha. "Nikifunga macho, jogoo wa jirani anaanza," alisema. "Jogoo akimaliza, ni watoto. Watoto wakinyamaza, mama mkwe anaingia kuniuliza kama niko mgonjwa."

Tuliwapima kwa taa na kitufe: taa ikiwaka, bonyeza. Aliyechoka alichelewa. Aliyelala kidogo tu chumbani mwetu aliamka na vidole vyepesi. Tukaenda kwa mkuu wa wauguzi kuomba chumba cha kupumzikia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sare iliyopigwa pasi mpaka ingesimama yenyewe.

"Muuguzi akilala kazini, mgonjwa atamwita nani?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa na michoro, lakini muuguzi wa Kinoo alinitangulia. "Mama, nikiwa nimechoka, mgonjwa ananiita mara tatu. Nikiwa nimepumzika, ananiita mara moja."

Nikaona midomo ya mkuu ikicheza. "Mimi nililala nimesimama," akasema polepole. "Miaka ile nikiwa msichana. Nimeegemea kabati la dawa, na kofia kichwani." Akacheka kicheko ambacho nadhani hata yeye hakukitarajia, na sisi tukacheka naye. Chumba tukapewa.

Nimefanya kazi hii maisha yangu yote, nimewapima makuli, madereva na marubani, na nimealikwa nchi za mbali kuieleza. Lakini sijapata kufurahi kama siku tuliyokifungua chumba kile. Mama alileta mahamri na kaimati. Wauguzi walijaribu vitanda kimoja baada ya kingine, wakarushiana mito, wakaimba, na muuguzi wa Kinoo akamfundisha profesa wimbo wa kwao. Siku hiyo hakuna aliyelala.