Pembe Nane za Husuni Kubwa

Nilikwenda Kilwa Kisiwani kwa sababu ya macho ya mke wangu. Mama Neema alifundisha historia shule ya msingi miaka mingi, na kila mwaka aliwaeleza watoto habari za mji wa masultani ambao yeye mwenyewe aliujua kwa picha za vitabu tu. Daktari alipomwambia kwamba presha ya macho imeshalizima jicho la kulia na la kushoto linafifia, hakulia. Alisema, "Baba Neema, nipeleke Kilwa upesi." Mimi ni mkulima wa korosho. Kwangu magofu yalikuwa mawe tu.

Alfajiri tulitoka kijijini kwetu Mnyambe, tukapanda basi mjini Newala. Tulipoikaribia Masasi aliuliza, "Ile ni milima au mawingu?" Nikajua hali ni mbaya kuliko alivyokuwa akiniambia.

Usiku ule tulilala Kilwa Masoko. Asubuhi boti ya injini ikatuvusha kwa dakika chache. Ufukweni alitupokea Bi Zuhura, mwongoza watalii aliyezaliwa kisiwani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Tuanzie Msikiti Mkuu."

Ndani ya msikiti Mama Neema alisimama, akanishika mkono. "Nieleze."

"Kuna nguzo."

"Nguzo za namna gani?"

Ikabidi nitazame. Nikamwambia ni za mawe ya matumbawe, zimepangwa safu kwa safu kama mikorosho iliyopandwa kwa kamba. Sehemu nyingine paa limeanguka na jua linaingia mpaka chini. Juu yetu kuba imekaa kama chungu kilichopinduliwa, na haina boriti hata moja. Watu waliosimamisha kitu kile walikufa mamia ya miaka iliyopita, nacho bado kimesimama.

Mchana tulitembea hadi Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya genge la bahari. Katikati yake mna bwawa la kuogea, sasa kavu.

"Maji yalifikaje huku juu?" niliuliza.

"Tunaambiwa yalibebwa na watu," alijibu Bi Zuhura.

Sisi wa Newala tunajua uzito wa ndoo ya maji ukipandisha mlima.

Bi Zuhura alimshika Mama Neema, wakashuka ngazi za bwawa taratibu. Mke wangu akaupapasa ukuta, kona baada ya kona, akihesabu kwa sauti. Alipomaliza mzunguko akaanza tena. "Nane!" alisema. "Mimi nilikuwa nawachorea watoto pembe sita. Miaka yote ile, sita!" Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi sikujua nicheke naye au nimfute machozi.

Siku iliyofuata tulirudi nyumbani. Haikupita miezi mingi, jicho la kushoto nalo likazimika.

Jumapili moja, baada ya ibada, akina mama wa kanisani walikuja kunywa chai kwetu, wakamwomba awasimulie Kilwa. "Mwulizeni Baba Neema," aliwajibu. "Yeye ndiye aliyeona."

Nilichojifunza katika safari ile ni kukitazama kitu mpaka niweze kumpa mwingine. Nikawapa nguzo, nikawapa kuba, nikawapa na bwawa. Chai ilipoa vikombeni. Mama Neema alisikiliza ameinamisha kichwa, na mara mbili akanisahihisha.