Sabuni Isiyosuuzwa

Nyumbani kwetu uso haukuwa na zamu yake. Miguu ilisuguliwa kwa jiwe na dodoki, shingo ilikaguliwa na mama kila Jumapili kabla ya kanisa, lakini uso ulipata maji yaliyobaki mkononi, basi. Nilikulia Isingiro katika miaka ya baada ya vita vya kule mpakani. Sabuni ilikuwa adimu kiasi kwamba tukikata mgomba tulichukua moyo wa shina lake, tukaukamua, tukanawa kwa maji yake. Sabuni ya mche ikipatikana ilikuwa ya nguo kwanza, watu baadaye. Sikujua kwamba duniani kuna watu wanaokaa chini kuchagua sabuni ya uso.

Nilikuja kujua chunusi ziliponijaa mashavuni, tena nikiwa nimeshachumbiwa.

Zamani zingekuwa chunusi tu, za kutaniwa kisimani na kusahauliwa. Lakini miaka ya themanini ilikuwa inaelekea mwishoni, na ule ugonjwa ulikuwa umeshabisha hodi kila kijiji. Tulizika, tukarudi nyumbani, tukazika tena. Watu walikuwa wamezoea kukagua ngozi ya mwenzao kabla hata ya kuitikia salamu. Ukiwa na kipele, waliokuwa wanaongea walishusha sauti. Na sisi wazazi wetu walitoka Rwanda kuja kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa ya wengine, hatukuwa na ukoo mkubwa wa kutusemea. Kwa hiyo habari ilipoletwa kwamba shangazi za mchumba wangu, watu wa upande wa Nyakahanga, wanakuja kumwona binti, nilielewa vizuri wanachokuja kutazama. Walitaka kujua kama mimi ni mzima, na uso wangu ndio ungewajibu.

Shangazi yangu mimi, dada yake baba, alikuja kuniandaa, kama desturi inavyomtaka shangazi. Alikuwa ameolewa kwa wafugaji, mwanamke wa sauti kubwa ambaye hata mumewe hakuthubutu kumpinga. Alinivuta mlangoni penye mwanga, akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Huu tutausafisha," akasema. "Nimekuja na dawa."

Dawa yenyewe ilikuwa sabuni ya magendo iliyovushwa mpaka, nyekundu, yenye harufu kali ya hospitali. Kwenye karatasi yake palikuwa na picha ya mwanamke mwenye mashavu laini, na maandishi ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Mwanamke yule alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo tulilolisoma.

Shangazi alianza kwa kunisugua na dodoki, lilelile la miguu, mpaka chunusi zikatoa damu. Kisha akachukua mche wa sabuni akaupitisha moja kwa moja usoni, akabandika povu zito kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni. Nilipoinamia beseni aliloshika mama nijisuuze, akanidaka mkono.

"Unafanya nini?"

"Nasuuza, shangazi."

"Hebu niambie. Ng'ombe akitoka joshoni, umewahi kuona anasuuzwa? Dawa inamkaukia mwilini, kupe wanadondoka wenyewe. Ukiisuuza umeitupa."

Nilikuwa nimeswaga ng'ombe wa mumewe kwenda joshoni mara nyingi, na kweli sikuwahi kumwona mtu akiwamwagia maji safi wakitoka. Mama naye alitikisa kichwa kukubali. Watu wazima wawili na binti wa kuolewa, na hakuna aliyekumbuka kwamba ng'ombe ana manyoya na ngozi ya kutengenezea viatu. Ninacheka ninapoandika haya, na ni kicheko kibaya.

Povu lilikauka, uso ukakaza kama ngozi iliyowambwa juani. Jioni akapaka tena juu ya lile la mwanzo. Kesho yake vilevile. Nilimwambia inachoma. Akasema ikichoma nijue imefika. Nilimwambia sioni vizuri, macho yanavimba, akasema uchafu unatoka. Ilipofika siku ambayo ngozi ilianza kubanduka na maji kuchuruzika mashavuni, aliacha kunipaka, akaenda kutafuta samli. Samli ikaleta nzi.

Nilijifungia chumbani nikamwomba Mungu anirudishie chunusi zangu. Sikuomba uzuri tena. Niliomba zile chunusi, zote, kila moja mahali pake. Nilipapasa uso kwa vidole nikasikia kitu kibichi, nikajua nimekwisha.

Mama alitaka kutuma ujumbe kwamba wageni wasogeze siku. Shangazi akakataa: kuahirisha ni kukiri kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Basi wakaja. Walikuwa wawili, wamevaa vizuri, wanaongea taratibu. Mimi niliketishwa mkekani nikiwa nimefunikwa kitenge. Mama akawawekea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile inayopewa mgeni kabla ya neno lolote. Niliwasalimia nikiwa ndani ya kitenge, "Shikamooni," wakaitikia vizuri. Kisha yule mkubwa akasogea akanifunua.

Hakupiga kelele. Alishusha kitenge polepole, kama mtu anayefunika chungu.

"Imeanza lini?" akauliza.

"Ni sabuni," mama akasema. "Sabuni imemuunguza, mama, wiki hii hii."

"Sabuni," yule mwanamke akarudia, kwa upole; ni heri angenitukana. Wakasema wameshiba, walikula njiani. Wakaaga. Kahawa ilibaki kikapuni vilevile ilivyowekwa, na kwetu mgeni haachi kahawa hata kama hana meno. Kesho yake shangazi akasema ng'ombe wake wanamhitaji, akaondoka.

Mama alinipeleka hospitali Nyakahanga, juu ya lori la kahawa. Uso nilikuwa nimeufunika kwa kanga na watu walinipisha bila kuombwa. Muuguzi aliyenipokea alinitazama kwa karibu, akanusa, akauliza nimepaka nini. Nilipomweleza habari ya josho alifumba macho kidogo.

"Hii ni sabuni tu, dada. Itapona. Lakini unisikilize."

Akanifundisha, mtu mzima mimi, kunawa uso. Nioshe mikono kwanza. Sabuni iwe ile laini ya watoto wachanga, isiyo na harufu wala dawa, na hata hiyo nisubiri ngozi ijifunge. Kwa sasa ni maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Povu nilitengeneze viganjani, siyo kupitisha mche usoni. Nitumie ncha za vidole, dodoki marufuku. Nisuuze mpaka utelezi wote uishe, nikaushe kwa kugusagusa, siyo kusugua. Akanipa kipande cha hiyo sabuni kimefungwa kwenye karatasi.

"Na uwe na kitambaa chako mwenyewe," akamalizia. "Beseni lako, kitambaa chako. Usichangie na mtu."

Alimaanisha uchafu usiingie kwenye vidonda. Mimi nilielewa hivyo. Lakini nilimwona mama, aliyekuwa amesimama pale mlangoni, anavyokaza mikono kifuani. Tukirudi nyumbani kwenye lori, alikaa upande wa pili wa magunia.

Tangu siku ile nilikuwa na beseni langu, kitambaa changu, na halafu kikombe changu, sahani yangu, kigoda changu. Muuguzi hakutaja kikombe. Chakula mama alinipikia vizuri kuliko zamani, akakiweka chini mbele ya mlango, akaita jina langu akiwa ameshageuka. Nilimwambia, "Mama, nesi alisema ni sabuni." Akasema, "Nilimsikia." Kikombe hakikurudi kabatini. Ulikuwepo siku ile, nilitaka kumpigia kelele, wewe ndiye uliyeshika beseni! Nililia mpaka machozi yakawa yanachoma vidonda, nikajizuia kulia kwa sababu hiyo tu.

Nilinawa kama nilivyofundishwa, asubuhi na jioni, peke yangu nyuma ya nyumba. Habari zikaja kwamba kijana ameoa kwingine. Niliendelea kunawa. Ngozi ilijifunga, ikaacha madoa meusi, madoa nayo yakafifia, na mvua zilipokatika uso wangu ulikuwa laini kuliko ulivyowahi kuwa maishani. Hata chunusi hazikurudi.

Mama aliuona siku tunaanika kahawa. Alisimama mbele yangu akanitazama.

"Mwanangu," akasema. "Ulikuwa mzima."

Akanyoosha mkono anishike shavu. Nilimpenda, nilikuwa nimeusubiri mkono ule miezi yote, na nikarudisha uso nyuma. Mkono ukabaki hewani. Kisha akaushusha, akainama, akaendelea kugeuza kahawa. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, tulilima, tulicheka, tulizika wengine. Hakujaribu tena, na mimi sikumwomba.