Kinyama cha Pafu na Ubwabwa wa Mzaramo

Mimi darasani sikukaa, na mahali pengine sikukaa pia. Nilikuwa utingo wa malori: leo Igunga napakia mchele, kesho Nzega, keshokutwa sijui. Sigara sijawahi kuvuta. Natanguliza hilo kwa sababu nimechoka kuulizwa.

Kikohozi kilinianzia njiani, Puge. Nikapewa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yalipimwa na hayakuonyesha kitu. Nikazimaliza zote. Nikaanza kutema damu, suruali nikawa naifunga kwa kamba. Dada yangu wa Tabora mjini akaita wazee wa kanisa waniombee. Hata wao wakaanza na, "Ndugu, tumbaku uliacha lini?"

Hospitali ya Dar es Salaam ndiko walikonichoma sindano ubavuni, wakatoa kinyama cha pafu. Saratani. Daktari akanieleza kuhusu utafiti wao: saratani za mapafu hazifanani, kila uvimbe una alama zake, nao wanatafuta dawa inayolingana na alama.

"Kama spea," nikasema. "Ya basi haikai kwenye lori."

"Hasa."

Nikamuuliza maswali mpaka akavuta kiti. Nikasubiri majibu, nikasubiri. Yakaja: kinyama ni kidogo, hakitoshi kupima alama. Warudie.

"Mnichome tena? Mimi mshikaki?" Nikafunga begi. Bora nikafie Tabora.

Muuguzi, mama wa Kizaramo, akasimama mlangoni. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, kununa hakuna.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani, wewe sindano imekushinda? Nenda, mtani. Nitakuja kula ubwabwa wa matanga yako."

"Kwangu huli, mlafi wewe!" Nikavua shati.

Alama ikapatikana, nikapewa vidonge vyake. Vilinitoa vipele usoni na kuniharisha vibaya, lakini damu ilikoma, na picha ikaonyesha uvimbe umenywea. Haujaisha. Bado nameza, bado napimwa.

Sasa kila mwenye kikohozi ananifuata: "Nigawie viwili tu, kaka." Jamani! Spea yangu itakukaaje? Nenda kapime, uliza uvimbe wako una alama gani. Wakisema nyama haikutosha, kasirika, halafu vua shati.

Namshukuru Mungu, na dada yangu, na yule Mzaramo. Kila nikienda kliniki ananiuliza, "Mtani, ubwabwa vipi?" Namwambia mpunga bado uko shambani Igunga.