Mafuta, Maji na Shavu la Zuwena

Siku ya kwanza kazini nilivaa kanzu yangu ya Idd nikidhani nitapewa kiti. Mwenye Studio alinitazama kuanzia kofia mpaka makubadhi, akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia darasa la tatu. Akaniuliza najua nini. Nikamwambia najua kila kitu kinachofanywa kwa mkono. Hakucheka. Alinipa kitambaa na ndoo, akanionyesha masinia ya kuoshea picha yaliyorundikana kama vyombo vya harusi. Niliyamaliza yote kabla ya adhuhuri na kanzu ikabaki nyeupe vile vile. Ndivyo nilivyo tangu zamani.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaokuja barazani kwangu Jang'ombe na makaratasi yao kwapani. Swali lao huwa moja: Mzee Haji, anayeanza kuchora ashike rangi ya mafuta au hii akriliki ya kisasa? Mimi si mzee kiasi hicho, nina hamsini na kitu tu, lakini wananiita mzee kwa heshima ya kazi, na kazi yangu inastahili. Miaka ya hamsini, nilipokuwa mwanagenzi, akriliki tulikuwa hatujaiona. Tulikuwa na mafuta na maji. Swali lilikuwa lile lile, na mimi nililijibu vibaya kabla sijalijibu vizuri.

Studio yetu ilikuwa Mji Mkongwe, kwenye uchochoro unaoteremkia Forodhani. Siku hizo picha zilitoka nyeusi na nyeupe. Mtu akitaka rangi, ilitiwa kwa mkono juu ya picha yenyewe: kilemba, maua ya mezani, mashavu. Aliyetia alikuwa dada mkubwa wa Mwenye Studio, Mgoa mjane, tukimwita Bibi Fundi. Alikaa ghorofani, chumba cha nyuma, kwa sababu picha za wanawake wa mji hazikupita mikononi mwa wanaume. Zilipanda juu ndani ya bahasha iliyofungwa na zilishuka ndani ya bahasha iliyofungwa, na hata Mwenye Studio mwenyewe, akishazipiga na kuzisafisha, hakuzitazama tena.

Nilifikaje juu? Nilimchora paka wake kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, nikauweka mchoro kwenye ngazi makusudi. Alisema paka ana miguu ya meza, lakini macho ni ya paka kweli. Wiki iliyofuata nikapewa picha zilizoharibika nizifanyie mazoezi, kisha picha za wanaume na watoto.

Alinianzishia mafuta. Unaipangusa picha kwanza kwa tapentaini iliyochanganywa na mafuta ya kitani, ili rangi iteleze. Unakamua rangi kidogo juu ya kioo, unazungushia pamba kwenye kijiti, unachovya, unapaka, halafu unasugua mpaka rangi ibaki nyembamba na picha ionekane kwa chini. Ukikosea unapangusa kwa tapentaini, na picha inarudi kama ilivyozaliwa. Ubaya wake ni kukauka. Siku tatu, nne, na wakati wa masika hata wiki, inanata tu, na kila vumbi la mji linataka kukaa juu yake.

Rangi ya maji ilikuja kama kijitabu. Kila ukurasa umelowekwa rangi moja. Unakata kipande, unakitia kwenye kikombe cha maji, unachora kwa brashi. Inang'aa, na robo saa haifiki imekauka. Lakini haikai juu ya picha kama mafuta. Picha ina utando laini juu ya karatasi, tulikuwa tukiuita ngozi, na maji yanaingia ndani ya ngozi hiyo na rangi yake. Bibi Fundi alikitumia kijitabu kwa tai za makarani na maua, basi. Aliniambia mkono wangu ni mwepesi lakini jicho langu lina haraka, kwa hiyo nibaki na mafuta mpaka atakaponiambia. Mimi moyoni nikasema huyu bibi ananionea wivu. Mwaka mmoja tu, na tayari vilemba vyangu vilikuwa vinasifiwa Malindi mpaka Mkunazini.

Hapo ndipo alipokuja Bi Mize wa Mbweni. Ilikuwa Jumanne, Mwenye Studio amekwenda shamba na kamera kubwa kupiga picha za skuli, hatarudi mpaka Jumamosi. Bi Mize alifungua kitambaa, akatoa picha ndogo ya mtoto wa kike wa miaka sita, Zuwena, aliyepigwa Mnazi Mmoja sikukuu ya Idd na mpiga picha wa njiani. Wapiga picha wale hawakuweka negativu, ile filamu ya kutolea nakala. Ilikuwa hiyo moja duniani. Mtoto mwenyewe homa ilikuwa imeshamchukua, hata arobaini haijatimu. Baba yake alikuwa anakwenda Pemba kwenye karafuu Ijumaa asubuhi, na mama alitaka aende na picha ya mwanawe yenye rangi, kwa sababu, alivyosema, mtoto hakuwa wa kijivu. Gauni lilikuwa la zambarau.

Nikamwambia anipe siku mbili, mji huu hauna mkono kama wangu.

Bibi Fundi aliposikia aliiangalia picha, akanirudishia. Akasema mdogo wake angekuwepo na kamera yake angepiga nakala kwanza, na mimi ningeitia rangi nakala. Bila ya nakala tusiiguse. Baba aende nayo hivi hivi, rangi itangoja arudi. Nikaitikia. Lakini nilikuwa nimeshatoa ahadi, na siku zile ahadi yangu niliiona kubwa kuliko amri ya mtu.

Alhamisi asubuhi nikakaa chini peke yangu na kijitabu. Mafuta yasingekauka, maji yangekauka. Gauni nililimaliza vizuri, wallahi vizuri sana, mikunjo yote ikasimama. Nikainua brashi niitazame kazi yangu. Tone moja la zambarau likaangukia shavuni.

Nilipangusa haraka. Kupangusa ndiko kulikoharibu zaidi, kwani lilitanda na kuingia. Nilipomaliza mtoto alikuwa kama mtu aliyepigwa.

Nilipanda ngazi na picha mkononi. Bibi Fundi aliisogeza dirishani. Kabla hajasema kitu nikamweleza kwamba naweza kulifunika shavu kwa mafuta mazito, rangi ya mwili, na hakuna atakayejua.

"Utamtengenezea mtoto shavu lako wewe," alisema. "Mama yake kalibusu lile miaka sita. Atajua kabla hujamkabidhi."

"Sasa tufanye nini, Bibi?"

"Rangi iliyoingia kwa maji hutoka kwa maji, na matone ya amonia. Lakini kwa joto hili ngozi ya picha ikilowa muda mrefu inainuka, kama utando wa maziwa. Ikiinuka, uso unakwenda nao. Hilo si langu kuamua, wala lako. Mwenyewe anakuja alasiri. Utamwambia ulichofanya, halafu utamuuliza anataka nini."

Nikamwomba amwambie yeye. Akasema yeye hakumwahidi mtu kitu.

Akanituma kiwanda cha barafu. Nilirudi nimebeba gunia begani, barafu imezungushiwa unga wa mbao, maji yananitiririka mgongoni mpaka miguuni. Barafu ni ya kulizuia lile joto, ili ngozi ya picha isilegee. Mafundi wa nchi za baridi hawaijui kazi hii, sisi tuliijua.

Bi Mize alifika baada ya sala. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Ipo tayari?"

Mimi sijawahi kukosa maneno, waulizeni wanaonijua. Siku ile nilipata haya tu.

"Bi Mize, nimeiharibu," nikasema. "Niliambiwa nisiiguse, nikaigusa."

Akanyoosha mkono, nikampa. Hakuligusa doa. Alishika pembeni tu kwa vidole viwili.

"Homa imemchukua haikumwachia alama hata moja," alisema. "Wewe ndiye uliyemtia."

Nikamweleza habari ya maji na amonia, na habari ya ngozi kuinuka. Sikumficha hata kidogo. Nikamuuliza anataka tujaribu, au aichukue ilivyo. Akauliza kama Bibi yule wa juu atakuwepo. Nikasema atakuwepo. Akasema, "Basi tieni. Lakini mimi nakaa hapo hapo, siendi popote."

Tukapanda. Bibi Fundi akaweka sinia juu ya barafu, akapima matone, akailaza picha. Bi Mize alikaa kwenye mkeka, uso wake usawa wa sinia, midomo ikisoma polepole. Mimi kazi yangu ilikuwa kulitikisa sinia kidogo kidogo na kubadilisha maji. Mkono uliganda, sikumwambia mtu. Kwanza gauni ndilo lililotoa zambarau, likaelea kama moshi. Kazi yangu nzuri yote nikaimwaga ndooni. Shavu lilikuwa gumu zaidi. Likapungua, likapungua tena, likawa kama kivuli.

Ndipo pembe ya picha, upande wa miguu, ikaanza kujikunja. Bibi Fundi akaniangalia. Nikasema mara moja zaidi, maji mamoja tu, litatoka lote. Nilitaka sana litoke lote.

Bi Mize akaweka mkono wake juu ya wangu ndani ya maji yale ya baridi.

"Itoe, mwanangu," alisema. "Msije mkamwondoa."

Tukaitoa. Ikakauka juu ya karatasi ya kunyonyea, sura nzima, na shavuni alama hafifu ambayo usingeiona kama huambiwi. Ijumaa baba yake aliondoka nayo, ya kijivu.

Mwenye Studio aliporudi alinirejesha kwenye masinia miezi mitatu, na kijitabu kikafungiwa. Sikulalamika, na masinia ya Unguja hayajawahi kung'aa vile. Karafuu zilipokwisha Bi Mize alirudi na picha. Nakala ikapigwa, kubwa, na Bibi Fundi akasema aitie yule aliyeiharibu. Nilitumia mafuta. Nilipaka gauni, nikamwita mama aje aone kabla halijakauka. Akasema hapana, hilo jipya, lake lilikuwa limeshafuliwa mara nyingi. Nikapangusa lote. Nikapaka tena, akaja tena kutoka Mbweni kwa miguu, akasema sasa limezidi kupauka, na nywele hazikuwa na wekundu ule. Nikapangusa. Mara ya tatu aliangalia. Akavuta ukingo wa buibui akajifunika uso, akakaa vile mpaka adhana. Sifa nimezipata nyingi maishani, nyingine kwa wakubwa wenye vyeo, lakini nikihesabu kazi zangu naanza na ile.

Baadaye nilipanda mpaka kuwa Fundi Rangi wa Pili, na Bibi Fundi alipoacha kazi, macho yamechoka, nikakaa kiti chake, isipokuwa zile bahasha zilizofungwa, ambazo alizichukua mpwa wake wa kike. Nilikwenda ofisi moja ya serikali kutia rangi ramani na mabango, chini ya Mkuu wa Michoro aliyekuwa hamwamini mtu wa darasa la tatu mpaka alipoona mkono wangu. Kisha nikafungua studio yangu mwenyewe. Sikurithi kitu wala sikubebwa na mtu. Zilipokuja filamu za rangi kazi ikapungua, na macho nayo yakaanza kudai haki yake, nikafunga mlango kwa hiari yangu.

Hiyo akriliki nimeijaribu, msidhani naiogopa. Inashika vizuri, hainuki, na inakauka wakati unafikiri. Kwa mwenye hakika ya anachokitaka ni rangi ya raha. Ukichora bahari au milango kwa ajili ya wageni, chukua, maliza, uza. Lakini ukianza na sura za watu, anza na mafuta, na usiyaharakishe. Zile siku tatu za kunata ndizo nilizokuwa nikizilaani. Ndani ya siku hizo mwenye sura yake anapata nafasi ya kuja, akaangalia, akakwambia siye huyu, na wewe ukawa bado unaweza kufanya kitu.