Salamu Isiyoitikiwa Kashgar

Niliporudi Walthamstow, London, kutoka Kashgar, magharibi mwa China, nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu, mama wa Kiuyghuri, jamii ya Waislamu wa huko, aliyezaliwa kwenye mji mkongwe wa Kashgar. Nilikuwa nimefura kwa hasira. Yeye ndiye aliyenisifia mji huo, walikokuwa wakipumzika zamani wafanyabiashara wa hariri, mpaka nikatumia likizo yangu yote kwenda kuuona.

"Watu wenu hawana adabu," nikamwambia kabla sijakaa. Sisi wa Mombasa hatuingii dukani bila kutoa salamu, na salamu ya Mwislamu lazima iitikiwe. Kule nilisema "Asalaam aleikum" katika kila kichochoro, na watu wakageuza nyuso. Taa za rangi, matofali mapya, watalii wakipiga picha, na hakuna hata mmoja aliyeniitikia.

Jirani akaweka birika la chai chini.

"Kwetu siku hizi serikali inaweza kumfunga mtu kwa salamu hiyo," akasema. "Hata mwoka mikate wa karibu na msikiti, mwenye kovu la moto mkononi, hakukuitikia?"

"Huyo ndiye aliyenikera zaidi! Aliinamisha kichwa, akaniongezea mkate wa bure, kimya."

Akajifunika mdomo. "Ni kaka yangu. Sikukutajia kusudi, nisimponze." Kumbe hakuwa na habari kama kaka yake yuko hai. "Amekuitikia, dada. Huo mkate uko wapi?"

Nilikuwa nimeutafuna uwanja wa ndege, nikilalamika kwamba ni mkavu.