Kwa Nini Yaya Alitaka Programu Mpya

Mtu ambaye miaka yote hakukubali hata kiti chake kisogezwe, akianza kudai programu mpya ya kuandikia, mimi siwezi kutulia. Tulikuwa wawili katika sekretaria yetu ya kuchapa hapa Bunia: mimi na mwanamke aliyenitangulia kazini, niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa. Watu walitutamkia barua zao, wanafunzi walituletea kazi zilizoandikwa kwa mkono, nasi tulichapa kwa programu ya zamani, nzito lakini isiyodai intaneti. Ghafla yaya akaja na wimbo mmoja: tubadilishe, tubadilishe. Patron, mwenye ofisi, akaniachia uamuzi, kwa kuwa mimi ndiye niliyetunza mashine.

Nilinusa jambo. Siku hizo yaya alikuwa ameanza kunisukumia kazi zote za wanafunzi, yeye akabaki na wateja wa kutamka, wafanyabiashara wa Aru na Mongbwalu wenye maneno mengi. Tena alikuwa akijifunza ile programu kwa fundi mmoja wa kompyuta, bila kuniambia. Nikasema moyoni: huyu anataka nafasi yangu. Nilimchukia, sifichi.

"Yaya, hii ya zamani imekukosea nini?"

"Imezeeka tu, mudogo."

Jibu gani hilo? Nikaanza kumvizia.

Mchana mmoja niliwahi kurudi kutoka kula. Yaya alikuwa ofisini peke yake, mbele ya kompyuta aliyoazimwa na fundi, nyaya masikioni, uso ameuelekeza ukutani. Nimekukamata, nikawaza, nikachomoa waya. Sauti ya mwanamke ikajaa chumbani, ikisoma kwa Kifaransa barua ya mteja, neno kwa neno.

Yaya hakugeuka.

"Ile mupya inasomaka barua kwa sauti," alisema. "Macho yangu haione tena muzuri. Patron akijua, atanifukuza."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nikayameza yote. Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira kwamba hakuniambia mimi.

Kesho yake patron aliuliza nimeamua nini.

"Tuweke ile mupya."

"Juu ya nini?" akataka kujua sababu.

"Macho yangu, patron. Imeanza kuchoka."

Alinitazama sana, kisha akakubali. Siku hizi yaya anavaa nyaya zake kutwa, na patron anadhani ni nyimbo za kanisa. Barua nzito, zile mawakili wanazokuja kutamka, anampa yaya. Anasema angalau yeye bado anaona. Mimi ameniweka kwenye fotokopi.